Sugu za Miguu: Ondoa Kinachobana, Weka Wembe Chini



Mfanyakazi akiumia mkono kwenye mashine, kazi husimama na wenzake humkusanyikia. Lakini anayeumwa na sugu ya mguu hakuna anayemwuliza. Hata yeye mwenyewe huona haya kulisema jambo hilo mbele ya msimamizi. Huchechemea asubuhi kutoka Bugembe mpaka lango la kiwanda, husimama saa nane, kisha huchechemea kurudi nyumbani. Akifika hukaa kizingitini na kutafuta wembe.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya ndugu huyo. Tunataka ashike mambo mawili. La kwanza, sugu ni alama inayoonyesha mahali ambapo mguu unabanwa au unasuguliwa. La pili, ukiikata alama hiyo na kukiacha kinachobana, sugu itarudi, na huenda wembe ukakuachia kidonda kibaya kuliko sugu yenyewe.

KILA KAZI NA SUGU YAKE

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaifanya Jinja kuwa mji wa viwanda: nguo, chuma, shaba, mafuta ya kupikia na sabuni. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1930, kiwanda cha sukari cha Kakira kilikuwa kimekwisha kuanza kusaga miwa. Bugembe, ambayo tangu Julai 2020 ni sehemu ya Jiji la Jinja, iko kwenye barabara inayounganisha mjini na mashamba hayo ya miwa. Ndiyo maana katika nyumba moja ya kupanga utamkuta mkata miwa, jirani yake anafanya kazi kwenye mashine za nyuzi, na wa chumba cha tatu anabeba magunia.

Watu hawa watatu hawana sugu za namna moja. Anayesimama mbele ya mashine juu ya sakafu ya saruji hupata ngozi nene nyuma ya vidole na kwenye kisigino, kwa sababu uzito wote wa mwili unakaa hapo zamu nzima. Mkata miwa anayevaa gambuti kubwa kuliko mguu wake husuguliwa nyuma ya kisigino na juu ya vidole, kwa kuwa mguu unateleza ndani kila anapoinama. Mpagazi wa magunia ya kahawa kule Mbale huongeza uzito wa gunia juu ya uzito wake, na unyayo ndio unaolipa. Anayevaa viatu vyenye ncha nyembamba ili apendeze ofisini hupata sugu kwenye kidole cha mwisho. Naye anayetembea kwa kandambili au kwa lugabire za tairi hupata ukoko mgumu na nyufa kuzunguka kisigino.

Basi kabla ya kutafuta dawa, tazama sugu yako iko mahali gani, kisha jiulize ni kitu gani kinagusa hapo. Jibu la swali hilo ni nusu ya matibabu.

SUGU NI KITU GANI?

Ngozi yetu ina tabaka la juu linalojifanya upya kila mara. Chembe changa huzaliwa chini, hupanda juu polepole, hukauka, hufa, kisha hupukutika bila sisi kuziona. Safari hiyo huchukua kama wiki nne. Katika unyayo tabaka hilo ni nene kuliko mahali pengine pote pa mwili, kwa sababu unyayo umeumbwa kwa kubeba.

Mahali pakibanwa au pakisuguliwa siku baada ya siku, ngozi hujilinda. Hutengeneza chembe nyingi zaidi na kuzishikamanisha, hata tabaka la juu likawa gumu kama pembe. Kwa hakika kitu kinachoifanya iwe ngumu, kiitwacho keratini, ndicho hicho kilicho katika kucha zetu na katika pembe za ng'ombe. Mwenye jembe hupata sugu viganjani kwa njia hiyo hiyo, na wala haimuumi. Ubaya huanza pale ulinzi unapozidi kiasi.

Sugu za miguu ziko za namna tatu:

1. Sugu pana. Hii ni ngozi nene, ya rangi ya manjano au ya kijivu, isiyo na mpaka ulio wazi. Hukaa nyuma ya vidole na kwenye kisigino. Mara nyingi haiumi, ila huleta hisia ya moto unaposimama kwa muda mrefu. Ikikauka sana hupasuka.

2. Sugu yenye kiini. Hii ni ndogo, mviringo kama punje ya hindi, na katikati yake mna kiini kigumu kinachochongoka kwenda ndani. Hukaa juu ya kifundo cha kidole, ubavuni mwa kidole cha mwisho, au chini ya unyayo. Kila unapokanyaga, ncha ya kiini husukumwa kwenye nyama iliyo hai, ndiyo maana unahisi kama umekanyaga changarawe.

3. Sugu laini. Hii hutokea katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano, mahali mifupa miwili inapogongana ndani ya kiatu kinachobana. Kwa sababu ya jasho haikauki; huwa nyeupe na laini, na huuma sana.

Watu wengi husema kwamba sugu ina mzizi, na kwamba mzizi usipong'olewa sugu itaota tena kama magugu. Jambo hili si kweli. Kiini ni ngozi iliyokufa na kukandamizwa, wala hakina mzizi. Sugu hurudi kwa sababu kiatu ni kile kile.

SI KILA KITU KIGUMU NI SUGU

Kabla ya kujitibu hakikisha unatibu sugu, si kitu kingine.

Chunjua ya unyayo hufanana na sugu, lakini huletwa na virusi. Kuna njia ya kuzitofautisha. Sugu huuma zaidi ukiibonyeza kutoka juu. Chunjua huuma zaidi ukiiminya kutoka pande mbili. Tena katika chunjua mara nyingi huonekana vidoadoa vyeusi, na mistari ya ngozi huikwepa na kupita kando. Katika sugu pana mistari hiyo hupita juu yake.

Funza tunamjua wote katika Busoga. Huwasha kwanza, kisha huonekana kivimbe cheupe chenye doa jeusi katikati, nacho hutokea kwa siku chache. Sugu huchukua wiki na miezi.

Ndugu zetu wa miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale, wajihadhari na jambo jingine. Huko wapo watu wanaovimba miguu bila kuumwa na mbu wa matende. Chanzo chake ni udongo mwekundu wa volkano unaoingia katika ngozi ya miguu mitupu kwa miaka mingi. Mwanzoni mguu huwasha na kuungua, ngozi ikawa nene na vidole vikavimba. Ukiona hivyo usisugue kwa jiwe ukidhani ni sugu. Nenda kituo cha afya mapema, osha miguu kila siku kwa sabuni, na vaa viatu vilivyofunika mguu.

KWA NINI TUNASEMA WEMBE UWEKWE CHINI

Mwandishi wa makala hii alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha nguo. Katika zamu yetu alikuwapo ndugu mmoja, fundi hodari, ambaye kila mwisho wa mwezi alikata sugu yake kwa wembe. Sote tuliona ni jambo la kawaida, na wengine waliuazima wembe ule ule. Siku moja alikata ndani kidogo, damu ikatoka, akafunga kitambaa, akavaa buti, akaja kazini. Hakulalamika, kwa kuwa hakuhisi maumivu makali. Siku ya tano tuliona soksi imelowa na kunuka. Alipopelekwa hospitali aliambiwa kwamba ana ugonjwa wa kisukari, naye hakuwa akijua. Alirudi kazini baada ya miezi mitatu, akiwa amepungukiwa na vidole viwili, na mahali pake pamekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine.

Tumekieleza kisa hiki ili tuone kwamba wembe una hatari nne.

Kwanza, mtu hawezi kuona mahali ngozi iliyokufa inapoishia na iliyo hai inapoanzia. Pili, vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na kidonda cha mguu ndicho mlango wao. Tatu, wembe wa kuazimana huweza kupitisha virusi vya ukimwi na vya homa ya ini kutoka damu ya huyu kwenda ya yule. Nne, kwa mwenye kisukari jeraha dogo huweza kuoza na kumfanya akatwe mguu.

Vilevile usitie maji ya betri, magadi, wala dawa usiyoijua. Vitu hivi huunguza ngozi njema pamoja na mbovu.

MATIBABU YA NYUMBANI

Matibabu haya ni ya mtu asiye na kisukari, ambaye miguu yake inahisi vizuri, na ambaye sugu yake haina kidonda.

1. Jioni baada ya kazi, loweka miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika kumi mpaka kumi na tano.

2. Chukua jiwe la kusugulia miguu, ulilowe, usugue sugu polepole. Ondoa kidogo tu kila siku. Ukiona wekundu au ukihisi maumivu, acha. Ngozi iliyojenga sugu kwa miezi sita haiwezi kuondolewa kwa usiku mmoja. Kila mtu awe na jiwe lake.

3. Osha, kisha kausha vizuri, hasa katikati ya vidole.

4. Paka mafuta ya mgando au mafuta mengine mazito kwenye sugu na kisigino, kisha vaa soksi safi za pamba ulale nazo. Usipake mafuta katikati ya vidole, maana hapo panatakiwa pakavu.

5. Kwa sugu yenye kiini, kata kipande cha kitambaa kinene au sponji, utoboe tundu katikati lenye ukubwa wa sugu, ukiweke hivi kwamba sugu inakaa ndani ya tundu. Kwa njia hii uzito hubebwa na sehemu zilizo kandokando. Ukiweka pamba juu ya sugu yenyewe unazidi kuibana.

6. Kwa sugu laini, weka pamba safi au kipande cha sponji kati ya vidole viwili ili mifupa isigongane. Badilisha kila siku.

Katika maduka ya dawa huuzwa plasta na maji ya sugu yenye asidi ya salisiliki. Dawa hii hulainisha ngozi iliyokufa, lakini haijui kuchagua. Ukiitumia, ipake juu ya sugu peke yake, na zungushia ngozi njema mafuta ya mgando ili iwe kinga. Usiitumie kwenye ngozi iliyopasuka, na mwenye kisukari asiitumie kabisa.

Ukifanya haya na ukaondoa kinachobana, utaanza kuona nafuu baada ya wiki chache. Ukifanya haya na ukabaki na kiatu kile kile, utakuwa mtu wa kuteka maji kwa pakacha.

MGUU USIOUMA NDIO WA KUOGOPWA ZAIDI

Tunachukia maumivu, lakini maumivu ni mlinzi. Mtu mwenye mguu unaohisi, akiumia upande mmoja, huhamishia uzito upande mwingine hata bila kufikiri. Aliyepoteza hisia hukanyaga pale pale mara elfu, mpaka nyama iliyo chini ya sugu ikapondeka na kuwa kidonda kilichofichwa na ngozi ngumu.

Jambo hili lilijulikana vizuri kwa sababu ya ukoma. Hapa Busoga, huko Mayuge, hospitali ya Buluba ilianzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya wagonjwa hao. Zamani watu walidhani kwamba ukoma wenyewe ndio unaoozesha vidole. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma nchini India na baadaye Marekani, alionyesha kwamba vidonda vingi vya nyayo huletwa na mgandamizo wa kila hatua kwenye mguu usiohisi. Wagonjwa wake walipopewa viatu vinavyogawanya uzito sawasawa, miguu ilipona.

Leo mguu usiohisi huletwa zaidi na kisukari. Iko njia rahisi ya kujipima ambayo waganga wa Ipswich, Uingereza, waliitangaza mwaka 2011. Fumba macho, mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole, polepole kama unyoya, kwenye kidole kikubwa, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asibonyeze wala asisugue. Sema kila unapohisi. Ikiwa katika vidole hivyo sita viwili au zaidi havikuhisi, nenda ukapimwe.

Nenda pia hospitali bila kukawia ukiona dalili hizi:

– sugu ina usaha, damu, harufu, au doa jeusi chini yake;
– wekundu na joto vinapanda mguuni, au una homa;
– unapata kiu isiyokwisha, unakojoa mara nyingi, na unakonda bila sababu;
– umejitibu kwa wiki kadhaa na bado huwezi kutembea vizuri.

Kwa walio karibu, kipo Kituo cha Afya cha Bugembe, na zipo hospitali kuu za rufani za Jinja na Mbale. Mweleze mganga kazi unayofanya na mwonyeshe viatu vyako vya kazi.

KUCHAGUA KIATU

Nunua kiatu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima. Vaa vyote viwili, usimame. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisiteleze.

Ukitaka kujua upana, simama juu ya karatasi, uchore mguu wako kwa penseli, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Ikiwa mchoro unatokeza nje, kiatu hicho kitakuletea sugu hata kiwe cha ngozi ya aina gani. Usiamini muuzaji anayesema kwamba kitajipanua.

Kiatu cha mtumba kikague ndani kwa mkono. Mwenyewe wa kwanza amekwisha kukipa umbo la mguu wake, si wako. Lugabire ni imara, lakini tafuta misumari na kingo za mikanda zinazokwaruza, uzipige nyundo na kuzilainisha. Gambuti zivaliwe na soksi kavu, na usiku zianikwe zikiwa zimepinduliwa ili jasho litoke.

KAZI YA CHAMA

Ndugu, hatuwezi kuliacha jambo hili mikononi mwa mfanyakazi peke yake. Mtu hupata sugu mguuni mwake, lakini sakafu, saa za kusimama na buti za kazi si yeye aliyezichagua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape walio katika kazi za majimaji au za vitu vya kudhuru mavazi ya kukinga yanayofaa, pamoja na viatu inapohitajika, na ahakikishe yanatunzwa. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Tulitazame neno "yanayofaa". Buti namba kumi kwa mguu wa namba saba haimfai mtu, hata iwe mpya. Mara nyingi mabuti huagizwa kwa namba mbili au tatu tu, na wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa hupewa buti za kiume. Basi kila mjumbe wa chama katika idara yake afanye mambo haya:

1. Aandike orodha ya namba ya kiatu ya kila mfanyakazi, wanaume kwa wanawake, na kuikabidhi kwa mwajiri kabla mabuti hayajaagizwa.

2. Aombe mbao au mikeka ya mpira mbele ya mashine ambazo watu husimama zamu nzima, na viti kwa kazi zinazoweza kufanywa kwa kukaa.

3. Adai buti zilizotoboka zibadilishwe zinapotoboka, si mwaka ukiisha.

4. Alete malalamiko ya miguu katika kamati ya usalama, yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano kama yanavyoandikwa ya mikono na macho.

Nasi wafanyakazi tuna wajibu wetu. Tukipewa buti zinazotutosha tuzivae, tusiziuze sokoni.

Leo jioni, kabla ya kulala, keti karibu na taa uzitazame nyayo zako zote mbili, pamoja na katikati ya vidole. Kisha zitazame za mkeo au za mumeo. Na kesho mjumbe wako akipita na orodha, mpe namba yako ya kweli.